Mwendo na Kituo: Namna ya Kusoma Ratiba ya Meli kwa Familia Yenye Watoto Wadogo

Ratiba ya meli ni andiko fupi kuliko maandiko mengi yanayohakikiwa, na pengine ufupi huo ndio uliolinyima wahakiki. Ina majina ya bandari, saa za kufika na za kuondoka, na nauli pembeni. Anayeipokea hutazama nauli kwanza, akasoma tarehe, akaikunja. Makala hii inaichukua ratiba hiyo, pamoja na meli inayoitekeleza, kuwa utungo uliosanifiwa, wenye muundo unaosomeka, unaopimika na unaolinganishika na miundo mingine. Swali linalotuongoza ni la wazazi wa Mbeya na Iringa ambao, likizo ikikaribia, hukusudia kuwapandisha watoto wao wadogo melini kwa mara ya kwanza: wachague chombo gani, na njia ipi? Hoja ninayoitetea ni kwamba chombo na njia havichaguliwi kimoja kimoja. Meli iliyobeba ulimwengu wake ndani inaweza kuvumilia njia yenye maji mengi na vituo vichache. Meli isiyo na ulimwengu wake huuazima pwani, na kwa hiyo inahitaji vituo vya karibu karibu. Familia inayokosea mara nyingi haijachagua meli mbaya wala njia mbaya, imeoanisha viwili visivyooana.

Kila ratiba ya majini, iwe ya siku moja au ya mwezi, imejengwa kwa vipande viwili vinavyopokezana, yaani mwendo na kituo. Kwa mtu mzima mwendo ni sehemu ya starehe: amekaa, anatazama maji, hana wajibu. Kwa mtoto wa miaka mitatu mwendo ni muda usio na tukio, isipokuwa meli yenyewe imtengenezee tukio. Na kituo, ambacho mtu mzima hukiona kama ucheleweshaji, kwake ndicho kiini cha hadithi. Mtoto hapimi safari kwa kilomita, huipima kwa yaliyotokea. Juu ya vipande hivyo viwili kuna usiku, ambao unaweza kuangukia kwenye mwendo au kwenye kituo, na mahali unapoangukia hubadili maana ya ratiba nzima. Saa nane za mwendo wakati mtoto amelala hazina uzito. Saa nane hizo hizo kuanzia asubuhi hadi alasiri ni mzigo kwake na kwa aliyembeba.

Uthibitisho mzuri wa usomaji huu umo katika kanuni ambayo kampuni nyingi za meli za utalii huifuata. Mtoto mchanga hapokelewi kabla hajatimiza miezi 6. Lakini safari ikiwa na siku 3 au zaidi mfululizo za kukaa baharini, umri unaotakiwa hupanda hadi miezi 12. Msingi wa kanuni hiyo ni wa kitabibu, kwani mtoto mchanga akiugua katikati ya bahari hospitali iko mbali. Kwa mhakiki wa muundo, hata hivyo, inapendeza kuona kanuni hiyo inauliza nini. Haiulizi ukubwa wa meli, wala urefu wa safari yote, wala umbali kutoka bandari ya kwanza hadi ya mwisho. Inauliza tu nafasi iliyo ndefu kuliko zote kati ya kituo na kituo. Nafasi hiyo naiita pengo kuu. Safari ya siku kumi yenye bandari kila siku ina pengo kuu dogo kuliko safari ya siku sita ambayo tatu kati yake ni maji matupu, na kwa hiyo, kwa mtoto, ndiyo fupi. Mzazi aliyejifunza kulitafuta pengo kuu kabla ya kutazama nauli ameshafanya nusu ya kazi ya kuchagua.

Tuanze na meli iliyobeba ulimwengu wake ndani, ambayo nitaiita meli-makazi. Mfano wake uliokamilika ni Disney Dream, iliyojengwa katika kiwanda cha Meyer Werft mjini Papenburg, Ujerumani, na kuanza kubeba abiria mwaka 2011. Ndugu zetu walioko Marekani waliifahamu kwa safari zake fupi za wakati ule kutoka Port Canaveral, Florida. Safari yake ya usiku tatu, iliyozoeleka kwa miaka mingi, inastahili kusomwa kama kielelezo: siku ya kwanza kuondoka jioni, siku ya pili Nassau, siku ya tatu Castaway Cay, kisiwa kidogo kilichotengwa kwa ajili ya wageni wa kampuni ya Disney, na alfajiri ya siku ya nne kurudi ilikoanzia. Mwendo karibu wote umetiwa usiku, na mchana karibu wote umekabidhiwa kituo. Pengo kuu linabaki pale pale kwenye karatasi, ila mtoto halihisi kwa sababu amelivuka usingizini. Waliochagua usiku nne waliongezewa siku nzima ya baharini, na hapo meli ililazimika kuonyesha imebeba nini.

Inachobeba kimepangwa kwa ustadi mkubwa. Familia huhamishwa kila jioni kutoka ukumbi mmoja wa chakula hadi mwingine, lakini wahudumu waliowapokea jioni ya kwanza huhama pamoja nao, hivi kwamba mandhari hubadilika huku nyuso zikibaki zile zile. Mbinu hiyo inamjua mtoto mdogo kwa undani, kwa sababu inampa upya bila kumnyang'anya mazoea, na mhudumu aliyekwisha kujua kwamba mtoto huyu hali pilipili hahitaji kuambiwa mara ya pili. Vyumba vingi vina maliwato yaliyogawanywa sehemu mbili, choo upande huu na bafu upande ule, ili mzazi mmoja aweze kumwogesha mtoto huku mwingine anahudumia wa pili. Nacho chumba cha ndani, kisicho na ukuta unaopakana na bahari, kimewekewa kioo cha mviringo mfano wa dirisha la meli, kinachoonyesha bahari ya wakati huo huo kutoka kamera za nje. Kila baada ya muda mhusika wa katuni hupita ndani ya kioo hicho, kisha bahari hurudi.

Kioo hicho kinastahili kutazamwa polepole, kwani kina nadharia nzima ya meli-makazi ndani yake. Kinatatua tatizo la kweli: mtoto anayeamka katika chumba kisicho na mwanga wa nje hupoteza mchana na usiku wake, na picha ya bahari humrudishia. Papo hapo kinaifanya bahari kuwa ukurasa mmojawapo katika hadithi ya meli, ukurasa ambao meli ina uwezo wa kuuchora juu yake. Huo ndio mkataba wa umbo hili. Meli inachukua jukumu la kumsimulia mtoto kila kitu, na kwa sababu inalitekeleza vyema, inaweza kwenda popote au isiende kokote. Nassau na kisiwa kile vikiondolewa, utungo utapungua bila kuvunjika.

Kiwanda hicho hicho cha Papenburg kiliunda, mwaka 1913, meli ya umbo lililo kinyume kabisa. Graf von Goetzen ilipokamilika ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa makashani, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kupelekwa Kigoma kwa reli, ikaunganishwa upya na kushushwa majini Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 ili isitekwe, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka karibu mia moja inazitenganisha Liemba na Disney Dream, na mtu anayeziweka pamoja huona mara moja kwamba swali la umbo halihusiani na uzee wala umaskini wa chombo. Liemba ni meli-njia. Haina hadithi ya kumsimulia abiria, kwa sababu hadithi iko ufukweni, nayo kazi yake imekuwa kumpitisha mbele ya ufuko huo kituo baada ya kituo, mpaka Mpulungu, Zambia. Uzuri wake wote umo katika kupishana huko.

Kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini meli-njia iliyo karibu ni ya Ziwa Nyasa, ziwa ambalo vyombo vyake vimebeba majina ya kwetu: MV Iringa na MV Songea za zamani, matishari ya mizigo ya MV Njombe na MV Ruvuma, na MV Mbeya II, iliyoundwa Kyela na kampuni ya Songoro Marine, yenye uwezo wa kubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo, iliyoanza safari mwaka 2021. Njia yake ya msingi inashuka kutoka bandari za Kyela, Itungi na Kiwira, ikifuata ufuko wa mashariki kupitia Matema, Lupingu, Manda na Liuli hadi Mbamba Bay, karibu kilomita 200 kwa jumla. Huu ndio utungo ambao ningependa wazazi wa Mbeya na Iringa wausome kwa uangalifu kuliko mwingine wowote, kwa sababu ni wao, na kwa sababu muundo wake ni wa ustadi usiosifiwa.

Utangulizi wake uko barabarani. Kutoka Mbeya mjini, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, barabara hupita Uyole, huvuka Rungwe na mashamba ya chai na migomba ya Tukuyu, kisha huporomoka hadi tambarare ya mpunga ya Kyela, kwenye takriban mita 500. Mtoto aliyeondoka nyumbani na sweta huwa amelivua kabla hajaliona ziwa. Safari nyingi za majini huanzia kwenye foleni ya gati; hii humwandaa msafiri kwa mwili wake, joto likiongezeka na milima ikijipanga pembeni, hivi kwamba maji yanapotokea yanakuwa hitimisho la hoja iliyokwisha kuanza.

Kisha inafuata sehemu yenye nguvu zaidi. Baada ya Matema, Milima ya Livingstone inashuka ziwani kwa ghafla kiasi kwamba sehemu kubwa ya ufuko haina nafasi ya barabara, na vijiji vilivyojibana kati ya mlima na maji hutegemea chombo cha majini kwa safari za watu na mizigo. Hapo ndipo inapoonekana kwa nini vituo viko vilivyo. Havikupangwa kumfurahisha mtalii, vimepangwa na mahitaji ya watu, na uhitaji huo ndio unaovipa uzito ambao kisiwa kilichotengwa kwa wageni hakiwezi kuupata. Pale pasipo na gati meli hutia nanga kwa mbali kidogo. Honi inalia, mitumbwi inatoka ufukweni, magunia ya mchele, vikapu vya usipa, mikungu ya ndizi na kuku waliofungwa miguu vinapandishwa na kushushwa kwa mikono mingi, watu wanaitana kwa majina kutoka sitahani hadi mtumbwini, nanga inang'olewa. Kituo kinachofuata hurudia hatua hizo hizo kwa mpangilio huo huo, huku shehena, sura na mlima wa nyuma vikibadilika.

Huu ni muundo wa kibwagizo, na mtoto mdogo ni msikilizaji bora wa kibwagizo. Kituo cha kwanza humshangaza. Cha pili anakitambua. Cha tatu, honi ikilia, anakwenda mwenyewe ukingoni akiwa ameshika mkono wa mama yake, anaitafuta mitumbwi kabla haijaonekana, na ikitokea anatangaza kwa sauti kwamba alijua. Ufundi wa wahudumu wanaohama na familia ulitengenezwa na wabunifu. Ufundi huu wa kurudia kwa tofauti umetokana na jiografia na biashara, nao unamfikia mtoto kwa njia ile ile, mazoea na upya vikitolewa kwa pamoja. Tofauti ni kwamba hapa anachojifunza kutabiri ni maisha ya watu wengine.

Udhaifu wa utungo huu uko kwenye usiku, na haufai kufichwa. Kwa kuwa mwendo na vituo vyote hufuata haja ya mizigo, giza linaweza kuangukia popote. Kibwagizo kilichokuwa furaha saa nne asubuhi hugeuka kelele saa nane usiku, na kushuka kutoka melini kuingia mtumbwini gizani na mtoto mgongoni ni jambo ambalo familia haipaswi kulikubali. Kwa hiyo ratiba ya Nyasa husomwa kwa kuuliza kwanza giza litatukuta wapi, na pili kama mahali tutakaposhukia pana gati. Vilevile meli-njia husomwa kwa ramani ya sitaha: kivuli cha mchana kiko upande gani, choo kiko umbali gani kutoka mahali pa kukaa, na vyuma vya ukingo vimeachana kiasi gani. Meli-makazi ilikwisha kumjibia mzazi maswali hayo kwenye meza ya mchoraji. Kwenye meli-njia mzazi huyajibu mwenyewe, kwa kuitazama meli kabla ya kukata tiketi.

Familia ya Iringa ina kishawishi kingine, na kinaeleweka. Kwa mwendo wa basi au gari hadi Dar es Salaam, boti za mwendo kasi za Azam huvuka hadi Unguja kwa takriban saa mbili. Ratiba hiyo ina mwendo mmoja na kituo kimoja, na pengo lake kuu ni dogo vya kutosha kumfaa hata mtoto wa mwaka mmoja. Hata hivyo boti hiyo imeundwa kwa ajili ya kuvuka, na kwa muundo wake haimpi mtoto nafasi ya kuishi humo. Uzito wote wa utungo umelazwa kwenye kituo, yaani Unguja yenyewe. Anayeichagua achague basi siku za kutosha kisiwani, na afikirie mara mbili kabla ya kuongeza kipande cha Pemba, kwa sababu maji ya baada ya Nungwi, kaskazini mwa Unguja, yana mkondo mkali ambao hubadili kabisa tabia ya safari.

Juu ya miundo hiyo yote kuna mizani ya nje isiyobadilishwa na mtu, nayo ni kalenda. Likizo ndefu za shule zetu huangukia Juni na Desemba. Juni ni wakati wa kusi, na kusi hulipata ziwa kama inavyoipata bahari. Upande wa Malawi wavuvi huuita upepo huo mwera, na ilikuwa Julai 1946 meli ya Vipya ilipozama kwenye ziwa hili hili katika hali mbaya ya hewa, ikapoteza watu zaidi ya 140. Desemba huleta mvua kwenye nyanda za juu, na barabara ya Tukuyu huwa na utelezi na ukungu, lakini maji kwa kawaida huwa na utulivu zaidi. Kwa mtoto mdogo ni afadhali mvua iwe barabarani kuliko upepo uwe majini, kwa kuwa gari linaweza kusimamishwa. Anayelazimika kusafiri Juni apunguze urefu wa mwendo na aongeze siku za Matema.

Usalama nao ni sehemu ya umbo, kwa maana chombo kina kikomo chake kama ubeti ulivyo na mishororo yake. MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, zote Ziwa Victoria, zilizama zikiwa zimejazwa kupita uwezo wake, na hakuna mzazi wa Tanzania anayepanda meli bila kuzikumbuka. Abiria 200 ni kikomo ambacho jicho la mtu wa kawaida linaweza kukikadiria gatini, na mzazi anayeona kimevukwa ana haki na wajibu wa kubaki nchi kavu. SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unaitaka meli ya abiria iwe na majaketi ya kuokolea ya watoto yasiyopungua asilimia 10 ya idadi ya abiria, au zaidi ikiwa watoto ni wengi, ili kila mmoja awe na lake. Uliandikiwa safari za kimataifa, ila unafaa kuwa kipimo popote: omba kuonyeshwa jaketi la ukubwa wa mwanao, mvishe, lifunge, kisha ukate tiketi.

Baada ya usomaji huu, uamuzi unaweza kutolewa kwa umri. Mwenye mtoto wa chini ya miaka mitatu aende Matema na akae, achukue kipande kimoja kifupi cha mchana majini kama kipo, na aache sehemu iliyobaki ya ziwa kwa mwaka mwingine. Mwenye uwezo wa kufika Florida na watoto wa umri huo hatakosea akichagua safari ya usiku tatu ya aina ile, kwa kuwa chombo na njia vimeoanishwa pale kwa uangalifu wa hali ya juu. Lakini kwa familia yenye watoto wa miaka minne hadi minane, utungo ninaouweka juu ya mingine yote ni wa kupanda meli Kyela na kuiacha Mbamba Bay, bila kurudi kwa maji. Kutoka hapo barabara ya lami hupanda Mbinga, hufika Songea, hupita Njombe na kutokea Makambako, ambako wa Mbeya hukata kushoto na wa Iringa kulia. Safari ya kwenda na kurudi kwa njia ile ile humlazimu mtoto kusoma ukurasa aliokwisha kuumaliza, tena akiwa amechoka. Safari ya duara humpa ziwa mara moja, kwa ukamilifu, kisha humpandisha tena kwenye baridi aliyoizoea. Kwenye duara hilo hakuna kipande kinachopoteza kazi: barabara inaandaa, meli inasimulia, milima inafunga hoja. Ratiba itakayotangazwa rasmi kwa duara hilo, kwa saa zinazoweza kutegemewa na vituo vyake vikubwa vikiwa mchana, haitahitaji meli kubwa zaidi ili kuzifaa familia zetu. Itahitaji mtu wa kuiandika akiwa anajua kwamba miongoni mwa wasomaji wake yumo mwenye miaka minne.